Kipya kinyemi, lakini je, kila toleo la programu ya michoro linafaa kununuliwa?

MSIMU wa mahafali unapokaribia katika Chuo Kikuu cha Moi, eneo la Kesses, maduka ya uchapishaji yaliyo karibu na bewa kuu huwa na shughuli tele. Wanafunzi huhitaji majalada ya tasnifu, mabango na kadi za mialiko, nao wakazi wa vijiji jirani huleta kazi za harusi na ratiba za mazishi ambazo aghalabu hutakiwa siku iyo hiyo.

Ni katika pilkapilka hizo ambapo suala la programu ya michoro hujitokeza. Mteja hufika na flashi yenye faili iliyotengenezwa kwa toleo jipya, nayo tarakilishi ya dukani yenye toleo la zamani hukataa kuifungua. Mteja huyo hulazimika kutafuta huduma kwingine, pengine hadi mjini Eldoret, umbali wa takriban kilomita 35.

Mwenye duka anayempoteza mteja kwa njia hiyo huona kwamba dawa ni kununua toleo jipya mara moja. Wahenga hata hivyo walisema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Jambo la kwanza la kupimwa si uzuri wa programu, bali ni hatima ya faili ambazo duka limehifadhi kwa miaka mingi. Mali ya fundi wa michoro ni kazi zake; programu ni ufunguo tu wa kuzifungulia.

Mathalani, CorelDRAW ya zamani haiwezi kusoma faili iliyohifadhiwa kwa muundo wa toleo lililoifuata. Lakini anayetumia toleo jipya anaweza kuihifadhi faili hiyo kwa muundo wa toleo la awali, au kuitoa kwa muundo wa PDF. Mara nyingi basi, kinachohitajika si fedha bali ni kumwomba mteja alete faili kwa muundo unaofaa. Tahadhari ni kwamba baadhi ya madoido, kama vile vivuli, yanaweza kubadilika au kugeuka picha isiyoweza kurekebishwa.

Suala la pili ni malipo. Photoshop, iliyozinduliwa mwaka wa 1990, iliuzwa kwa miaka mingi kwa leseni ya kulipiwa mara moja. Mambo yalibadilika mwaka wa 2013 kampuni ya Adobe ilipotangaza kwamba matoleo yatakayofuata CS6, iliyotolewa mwaka wa 2012, yatapatikana kwa ada ya kila mara pekee. Tangu hapo, anayewazia toleo jipya hana budi kujiuliza pia iwapo ataimudu ada hiyo mwezi baada ya mwezi.

Kwa duka linalotegemea wanafunzi, swali hilo si dogo. Mapato hupanda masomo yanapoendelea na kushuka wakati wa likizo. Mwaka wa 2024, mgomo wa wahadhiri ulisimamisha masomo chuoni kwa wiki kadhaa. Ada ya programu haingoji wanafunzi warejee.

Aidha, ada za namna hii mara nyingi hukadiriwa kwa dola. Programu inayotozwa dola 20 kwa mwezi ingemgharimu mwenye duka takriban Sh3,200 mnamo Januari 2024, dola moja ilipofikia Sh160. Miezi michache baadaye, shilingi ilipoimarika hadi karibu Sh130 kwa dola, ada iyo hiyo ingekuwa Sh2,600.

Tatu ni mashine yenyewe. Toleo jipya la Photoshop huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi, kiwango ambacho tarakilishi nyingi kuukuu hazina. Huenda pia likadai mfumo mpya wa Windows, na mfumo huo ukadai tarakilishi mpya. Hapo mwenye duka anaweza kugundua kwamba printa yake ya zamani haina programu ya kuiendesha katika mfumo huo. Aliyenuia kununua kitu kimoja hujikuta akinunua vitatu.

Hata hivyo, kung'ang'ania toleo la zamani nako kuna mwisho wake. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Tarakilishi isiyopata kinga mpya, ilhali inapokea flashi za wateja kutwa kucha, imo hatarini. Vilevile, Adobe ilipozima mitambo ya kuthibitisha leseni za CS2, ililazimika kuwapa wenye leseni hizo njia nyingine ya kuiweka programu hiyo. Programu iliyonunuliwa kihalali inaweza hivyo kukwama pindi kampuni inapoacha kuihudumia.

Wapo wanaoona kuwa suluhisho ni nakala za wizi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huzilinda programu za tarakilishi sawa na maandishi mengine, na anayezitumia bila leseni huvunja sheria. Isitoshe, nakala hizo aghalabu huwa na virusi vinavyoweza kuangamiza kazi za miaka.

Njia halali isiyo na ada ni programu huria. GIMP, iliyoanzishwa mwaka wa 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitoa toleo la 3.0 mnamo Machi 2025, takriban miaka saba baada ya lile la 2.10. Inkscape nayo hutumika kuchora nembo na mabango. Mnamo Oktoba 2025, Canva pia ilitangaza kwamba Affinity itapatikana bila malipo kwa wenye akaunti.

Lakini hata kisicholipiwa kina gharama. Viongezi vilivyoundwa kwa ajili ya GIMP 2.10 vilihitaji kurekebishwa ili vifanye kazi katika 3.0. Pia, GIMP na Inkscape hutegemea zaidi rangi za skrini, ilhali mitambo mikubwa ya uchapishaji hutumia wino wa rangi nne. Bango linalong'aa kwenye skrini linaweza kutoka likiwa limefifia kwenye karatasi.

Kabla ya kuamua, ni busara kutumia kipindi cha majaribio ambacho kampuni nyingi hutoa. Mwenye duka anafaa kufungua faili tatu: iliyo kongwe zaidi, inayochapishwa mara nyingi zaidi na iliyo nzito zaidi. Kisha azichapishe na kulinganisha rangi, fonti na nafasi za maneno na nakala za awali. Nakala za faili zote zihifadhiwe kwanza kwenye diski ya pembeni, na toleo la zamani lisifutwe hadi jipya lizoeleke.

Muhimu zaidi, kazi hiyo ifanywe wakati wa likizo ndefu, wala si wiki ya mahafali.

Ikiwa duka linawarudisha wateja kila wiki kwa kushindwa kufungua kazi zao, au mfumo wake haupati tena kinga, wakati wa kubadilisha umewadia. Lakini ikiwa kazi zote zinafunguka, zinachapishwa vyema na wateja wanaridhika, nambari mpya kwenye jina la programu pekee si sababu ya kutumia fedha ambazo zingenunua karatasi na wino.