Aliyepona saratani asifungiwe ndani kwa huruma

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mwenye kuponya, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu msomaji, kijana wa Ujiji anapomaliza matibabu ya saratani katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Hospitali ya Bugando, Mwanza, hupokewa nyumbani kwa dua na furaha. Kila anapotaka kuinuka huambiwa: "Pumzika, mwanangu." Huruma hiyo ni njema siku za mwanzo. Lakini miezi inapopita, misuli hulegea, pumzi hupungua na moyo huingiwa na unyonge.

Uchovu unaofuata dawa kali na mionzi si wa kawaida; usingizi hauumalizi. Mwaka 2019, jopo la wataalamu lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani lilieleza kwamba mazoezi ya wastani ya dakika 30, mara 3 kwa wiki, hupunguza uchovu huo, pamoja na huzuni na wasiwasi. Mwaka 2025, utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana ulionesha kuwa walioongozwa katika mazoezi baada ya matibabu waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliopewa maelezo ya afya pekee.

Huenda ukauliza: afanye na nani? Mtaani pengine yuko peke yake, na aliyelazwa naye wodi moja yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Hapa ndipo simu inapofaa. Katika nchi nyingine, hasa tangu Uviko-19 mwaka 2020, vijana waliopona hufanya mazoezi pamoja kwa simu ya video. Mwelekezi huhesabu, wote huinuka na kuketi kitini, husukuma ukuta, hunyanyua chupa za maji. Binti hujistiri chumbani pamoja na wanawake wenzake pekee. Mtandao ukiwa dhaifu, sauti tu yatosha. Asiyejitokeza huulizwa hali yake. Nasi tunaoswali jamaa twaijua siri hiyo: safu humwinua ambaye peke yake angelala.

Daktari aulizwe kwanza, hasa kwa aliyeathirika mifupa au aliyevimba mkono. Mwenye homa, kizunguzungu au maumivu ya kifua aache na arudi hospitali.

Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr (r.a.), aliyezidisha saumu na kisimamo cha usiku, kwamba mwili wake una haki juu yake. Naye mwenyewe alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (r.a.). Naam, haki ya mwili ni kupumzishwa, na pia kutumiwa.

Basi, enyi wazazi wa Ujiji, Gungu na Kibirizi, daktari akiridhia, mshikeni mwanenu mkono leo baada ya Alasiri, mtembee naye hadi barabarani na kurudi. Kesho mtafutieni wenzake kwa simu.

Wabillahi tawfiq.