Mambo ya Kuzingatia Katika Kuchagua Shahada ya Uzamili Baada ya Sayansi ya Mazingira

Mhitimu wa shahada ya kwanza ya Sayansi ya Mazingira anayetaka kuendelea na masomo hukuta milango mingi iko wazi: usimamizi wa maliasili, mabadiliko ya tabianchi, uhandisi wa mazingira, afya ya mazingira, mipango miji na hata sheria. Wingi huo ni neema. Hata hivyo, shahada ya uzamili huongeza ujuzi, lakini si kila mara humpa mtu taaluma mpya mbele ya sheria.

Uhandisi wa mazingira ni mfano ulio wazi. Mhitimu wa sayansi anaweza kupokelewa katika baadhi ya programu za uzamili za fani hiyo, akajifunza usafishaji wa majitaka na udhibiti wa taka ngumu, na akafaulu vizuri. Lakini usajili wa wahandisi nchini, ulio chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hujengwa juu ya shahada ya kwanza ya uhandisi. Anayelenga kuitwa mhandisi hana budi kuiuliza Bodi kabla ya kulipa ada, si baada ya mahafali.

Ndivyo ilivyo pia kwa afya ya mazingira. Wataalamu wa fani hiyo wana sheria yao ya usajili ya mwaka 2007 na baraza lao. Afisa mazingira na afisa afya mazingira ni watumishi wa taaluma mbili tofauti, ingawa mara nyingi hukutana kwenye dampo lilelile.

Eneo ambalo shahada ya kwanza tayari ina uzito ni Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka ifanyike kabla ya miradi iliyoainishwa kuanza, na wanaoifanya ni wataalamu waliosajiliwa. Timu ya tathmini huhitaji mjuzi wa maji, wa udongo, wa viumbe hai na wa masuala ya jamii. Kwa hiyo uzamili unaozama katika eneo moja humfaa mhitimu kuliko ule unaorudia mambo ya jumla aliyokwishasoma.

Fursa nyingine ni biashara ya kaboni, iliyowekewa kanuni mwaka 2022. Kazi hiyo hutaka watu wanaoweza kupima kaboni iliyohifadhiwa msituni, kusoma picha za satelaiti na kuchakata takwimu. Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hivyo anayevutiwa na eneo hilo hana haja ya kuanza kutazama ng'ambo.

Kwa atakayesoma nje ya nchi, ni vyema athibitishe mapema kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba chuo na tuzo yake vinatambulika. Popote atakapokwenda, aulize pia kama gharama za maabara na za kazi ya uwandani zimo ndani ya ada, na nani atasimamia utafiti wake. Msimamizi asiyefanya kazi katika eneo la mwanafunzi anaweza kuigeuza programu ya miaka miwili kuwa ya minne.