Januari Ambayo TP Haituonyeshi

Wanachuo wenzangu wa elimu, hebu tuhesabu miezi. Sisi tunakwenda mazoezi ya kufundisha, hiyo TP yetu, kuanzia mwezi wa saba. Tunapofika, shule imeshachangamka. Ratiba imebandikwa, viranja wapo, vipindi vimeshagawanywa, na kilichobaki ni mwalimu wa taaluma kutuonyesha meza ya kukalia. Tunafundisha wiki zetu, msimamizi anakuja kutukagua, tunapiga picha na wanafunzi, tunarudi chuoni kusubiri boom. Hatuioni shule ikiwa tupu, nyasi zimefika magotini, na mzazi amesimama nje ya ofisi na mtoto wa Darasa la Kwanza, hajui abishe hodi mlango upi.

Hiyo ndiyo Januari. Niko mwaka wa tatu sasa. Nimesoma saikolojia ya ujifunzaji, mitaala, upimaji na falsafa ya elimu, lakini sikumbuki kipindi hata kimoja kilichoeleza shule inafunguliwaje. Inawapokeaje wazazi, inawapokeaje walimu, nani anasema nini kwanza. Mimi Januari niliiona kwa bahati. Nilipomaliza kidato cha nne, wakati nasubiri matokeo, nilijitolea katika shule moja ya msingi huko kwetu Singida. Walimu walikuwa wachache, nikapewa chaki siku ile ile. Baadaye, kwenye TP, nilipangiwa sekondari ya kata katika mkoa mwingine. Nikiziweka shule hizo mbili pamoja napata la kuwaeleza.

Kwanza tuelewe Januari ilivyo huko nyumbani. Watu hawakuiita mwezi dume bure. Sikukuu zimepita na hela zimekwenda nazo. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kwa hiyo mwezi huo huo ndio wa kupanda alizeti na kupalilia mahindi na mtama, na akiba ya ghalani inazidi kushuka. Mzazi huyo ndiye anayetakiwa kutafuta sare, viatu na madaftari. Akiwa na mtoto anayeingia kidato cha kwanza, kuna na fomu ya kujiunga yenye orodha ndefu: fagio, jembe, ndoo, rimu ya karatasi. Mavuno yatakuja mwezi wa tano na wa sita. Yaani shule inafungua mlango wakati nyumba haina kitu, na sisi wa TP tunafika wakati watu wameshauza alizeti. Ndiyo maana tunarudi tukisema wazazi wa kule ni wakarimu sana!

Halafu kuna suala la michango. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Kidato cha tano na cha sita waliongezwa mwaka 2022. Ada ikafutwa. Lakini sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mtoto na chakula cha mchana kwa wanaosoma kutwa vilibaki kwa mzazi. Serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji. Kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 ni za vitabu, hazipiti mikononi mwa shule. Zinabaki 6,000. Piga hesabu: shule ya watoto 400 inapata 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Humo utoe chaki, karatasi, mitihani na ukarabati wa mlango uliong'oka. Mlinzi anayelala pale usiku analipwa na nani? Mama anayepika uji je?

Hapo ndipo mchango unapozaliwa, na mimi simlaumu mwalimu mkuu anayesimama kuuomba. Utaratibu unasema uwe wa hiari na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu yake. Januari 2018 Rais Magufuli aliipiga marufuku michango, akataka walimu wasishike hela za wazazi, na mwenye nia ya kuchangia apitie kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa ninavyoona, tangu hapo kilichobadilika zaidi ni jina. Siku hizi unasikia "makubaliano ya wazazi".

Sasa mkutano wenyewe. Ile shule niliyojitolea iliwaita wazazi siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, katikati ya palizi. Watoto walikuwa zaidi ya 300. Wazazi niliowahesabu chini ya mti walikuwa 31. Ajenda ya kwanza ilikuwa mlinzi, ya pili uji, ya tatu madawati, na taaluma ikaja ya nne, jua limeshakuwa kali na wengine wameshaaga. Katikati yakasomwa kwa sauti majina ya waliobaki na deni la mwaka uliopita. Kila jina likisomwa watu wanageuka kutazama, na wengi waliosomwa hawakuwepo.

Wiki hiyo nilitumwa kumfuatilia kijana mmoja wa Darasa la Nne ambaye alikuwa hajaonekana tangu shule ifunguliwe. Nikamkuta mama yake nyuma ya nyumba anachambua mbegu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, karibu." Mimi nina miaka kumi na saba, ananiita mwalimu na kunitafutia kigoda.

Nikauliza habari za mtoto. Akasema shati lake limechanika mgongoni na lingine hajapata. Nikamwambia aje tu hivyo hivyo, hatafukuzwa. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Wewe bado mtoto. Nikifika pale nitaulizwa hela mbele za watu. Bora akae mpaka nipate."

Kijana alirudi wiki ya tatu, akawakuta wenzake wameshamaliza mada nzima ya hisabati. Ukifungua daftari la mahudhurio unaona mtoro. Lakini hakuna aliyemzuia yule mtoto kuja. Aliyekuwa anaogopa kukanyaga pale shuleni ni mama yake, na mtoto akabaki naye.

Katika shule hiyo hiyo, nisiwe mchoyo wa kusema, alikuwepo mwalimu wa Darasa la Kwanza ambaye ningependa kila anayesomea elimu ya awali na msingi akae naye asubuhi moja tu ya Januari. Mama wa makamo, hana haraka. Tangu Desemba alikuwa ameshapata orodha ya watoto waliotoka darasa la awali, kwa hiyo mzazi akifika anakuta jina la mwanawe limeshaandikwa. Alikuwa akisalimia kwa Kinyaturu kwanza, kisha anahamia Kiswahili taratibu, mtoto akiwa anasikiliza. Anauliza, "Nyumbani mnamwitaje?" Maana mtoto aliyezoea kuitwa jina la babu yake hawezi kuitika jina la cheti alilolisikia leo. Halafu swali ambalo sijawahi kulikuta kwenye kitabu chochote cha kozi: "Huyu anaogopa nini?" Mmoja mbwa. Mwingine radi. Wengi wao, choo cha shimo. Anaandika yote kwenye daftari lake.

Baada ya hapo anawachukua wazazi na watoto pamoja, anawapeleka vyooni. Nilidhani ni masihara. Akanieleza: mtoto asiyejua choo kilipo, au anayekiogopa, atajikojolea. Akijikojolea siku ya kwanza wenzake watamcheka, na siku ya pili utamwita hutamwona. Kwa hiyo somo lake la kwanza la mwaka lilikuwa choo, mama au baba akiwa amemshika mtoto mkono. Mwalimu huyo wazazi hawakumkimbia. Walikuwa wakipita shambani kwao wanamwachia mboga.

Niruke sasa hadi TP. Mkuu wa shule pale sekondari alikuwa mwanamke, tukimwita Madam Mkuu. Wiki ya pili ya muhula aliita wazazi, siku ya Jumamosi. Hakuwaanzishia mkutano. Kila mzazi alielekezwa kwanza kwenye darasa la mwanawe, akakaa kwenye kiti cha mwanawe, akapewa madaftari ya mwanawe. Mwalimu wa darasa akazunguka, kila mmoja dakika chache: hiki anakiweza, hapa anakwama, nyumbani msaidieni hivi. Nilimwona mzee mmoja akilifungua daftari la kemia ukurasa kwa ukurasa, akilitazama kama shamba la jirani lililopaliliwa vizuri. Baada ya hapo ndipo wakakusanyika. Ruzuku iliyoingia na ilivyotumika ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Chakula cha mchana kilikuja mwishoni, na wazazi wenyewe wakapendekeza walete mahindi na maharage badala ya hela taslimu, debe kwa debe.

Nikamuuliza, "Madam, Januari huwa mnafanyaje?"

Akajibu, "Januari mimi siombi kitu, mwalimu. Januari nawaonyesha watoto wao. Hesabu zinakuja Julai, wameshavuna."

Nikataka kumbana: mlinzi je, naye anasubiri mavuno? Kumbe ya mlinzi ya miezi ile migumu inatengwa kwenye makusanyo ya Julai. Hiyo mbinu haihitaji mradi wala mfadhili. Inahitaji mtu anayejua wazazi wake wanalima nini na wanauza lini.

Barua yake ya mwaliko niliinakili. Ilisema mzazi anakaribishwa Jumamosi saa nne, atakaa darasani kwa mwanawe, ataona kazi zake, ataongea na mwalimu wa darasa, na wataachana saa saba. Angalia hiyo saa saba. Mtu mwenye shamba au kibanda cha biashara akijua atatoka saa ngapi anaweza kupanga siku yake. Linganisha na barua tulizozizoea: "Unatakiwa kufika bila kukosa. Atakayekosa hatua zitachukuliwa." Kwa wazazi wengi karatasi ya namna hiyo inafanana na wito wa baraza la kata. Anajiandaa kujitetea, au anajificha. Na tusidanganyane kwamba kundi la WhatsApp limemaliza kazi. Bibi anayelea wajukuu ana kitochi, na pengine chaji ni ya kulipia dukani.

Kuhusu walimu nitasema machache, maana hili tutalionja wenyewe. Mwalimu mpya au aliyehamishwa anashuka kwenye basi na begi na godoro. Mapokezi yake ni maswali madogo sana: nani anamsubiri stendi, atalala wapi usiku huo, maji yanachotwa wapi, chai ya saa nne walimu wanachangishana kiasi gani. Kwenye kikao cha kufungua shule kuna kugawana vipindi, na ole wako ukikuta vimeshagawanywa na wewe umebakiziwa vile vilivyokimbiwa na wote. Shule inayomuuliza mgeni "Wewe unapenda kufundisha nini?" kabla ya kumkabidhi ratiba inajipunguzia barua za uhamisho. Mlinzi na mpishi nao ni wafanyakazi. Katika ile mikutano miwili, ni Madam Mkuu pekee aliyewasimamisha mbele ya wazazi na kuwataja majina. Wazazi wakapiga makofi, na wengine ndipo walipojua hela yao inamlipa nani.

Kuna na habari ambazo Januari hizi ni lazima mzazi azipate shuleni, asizisikie kijiweni. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi inakwenda kuwa miaka sita. Waliokuwa Darasa la Tatu mwaka huo watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, pamoja na watakaokuwa Darasa la Saba. Mzazi mwenye watoto wawili waliofuatana anaweza kujikuta na fomu mbili za kidato cha kwanza kwa mkupuo. Mtu huyo aambiwe mapema, aanze kuweka kidogo kidogo.

Na wapo wanaorudi baada ya kukatishwa. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurudi shuleni katika mfumo rasmi. Waraka ukishasainiwa Dodoma, utekelezaji wake ni asubuhi moja ya Januari ambapo binti anaingia tena darasani na watu wamenyamaza ghafla. Pale TP alikuwepo mmoja. Sikusikia akitangazwa paredi wala kuulizwa chochote mbele ya wenzake. Walimu wa darasa lake waliambiwa tu kwamba kila siku saa sita ana ruhusa ya kwenda kunyonyesha, kwao ni karibu, na atarudi kabla ya kipindi kinachofuata. Mlinzi naye alikuwa ameambiwa, maana ndiye anayefungua geti.