Mahindi ya Zabuni Hupimwa Wapi?

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani Busia na Malaba, shehena zikiwa juani. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa, ila kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mahali mahindi yalipolimwa pajulikane, na cheti kionyeshe kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

Hofu ya Kenya ilikuwa na msingi. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, hasa katika eneo la Ukambani. Kuyachemsha hakusaidii, na anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi huhatarisha ini lake.

Hatari hiyo inaihusu pia serikali ya Kenya, maana ni mnunuzi mkubwa wa chakula. Shule ya umma inaponunua mahindi ya githeri na unga wa ugali, inafungwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, ambayo inataka bidhaa ziangaliwe pia kwa athari zake kwa mazingira na kwa maisha ya watu. Ila kamati ya zabuni hukutana na gunia likiwa limeshapita mikononi mwa mkulima, dalali, mwenye ghala na dereva. Mzabuni aliyeandika bei ya chini kuliko wenzake huenda hajui lilitoka kijiji gani.

Kuvu huanza mapema. Sehemu kubwa ya Uganda ina misimu miwili ya mvua, na mavuno ya msimu wa kwanza mara nyingi hukaribiana na mvua za pili. Mkulima asiye na turubai huanika mahindi kwenye udongo mtupu. Mwenye shida ya karo huyauza yakiwa mabichi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakizidi hapo na kurundikwa ghalani, kuvu huendelea kufanya kazi yake hata lori likiwa njiani.

Tena sumu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kuharibu gunia zima huku magunia ya jirani yakiwa salama. Kwa hiyo anayechota sampuli juu juu, sehemu moja tu ya lori, anaweza kupitisha sumu au kumrudisha mtu asiye na kosa. Sampuli inapaswa kutoka pembe nyingi za shehena, juu, katikati na chini.

Anayeumia zaidi kwa masharti haya ya vipimo ni mfanyabiashara mdogo, mara nyingi mwanamke, anayevusha magunia machache. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humpunguzia makaratasi ya forodha kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, lakini haumwondolei wajibu wa kuonyesha mahindi safi. Mwenye lori zima hugawanya gharama ya kipimo kwa mamia ya magunia. Yeye huibeba kwa magunia matano.

Gharama hiyo ni haki ichangiwe na mnunuzi. Serikali za pande mbili za mpaka zinaweza kuweka vipima unyevu na turubai kwenye vyama vya wakulima, na wafanyabiashara wadogo wakaruhusiwa kupimiwa kwa kundi. Shule nayo iandike kwenye zabuni kiwango cha unyevu, asili ya mahindi na kipimo cha sumukuvu, kisha ikubali bei inayotosha kupata mahindi ya aina hiyo na ilipe kwa wakati.