Istilahi za Karatasi na Uchapaji: Tatizo la "Bila Klorini"

1.0 Utangulizi

Istilahi za karatasi na uchapaji zimeingia katika Kiswahili kwa njia mbili ambazo hazijakutana vizuri. Ya kwanza ni njia ya biashara, shule na ofisi. Maneno karatasi, waraka, kitabu na jalada yana asili ya Kiarabu. Chapa lina asili ya Kihindi. Rimu limetoka katika Kiingereza, ingawa Waingereza nao walilipata, kupitia Kifaransa na Kihispania, kutoka neno la Kiarabu rizma, yaani bunda. Njia ya pili ni ya kiwanda. Kiwanda cha Webuye, Kenya, kilianza uzalishaji katika miaka ya 1970, na kile cha Mgololo, wilayani Mufindi, Tanzania, katika miaka ya 1980. Hatua nyingi za kazi ya viwanda hivyo hazikuwa na majina katika hazina ile ya kwanza.

Pengo hili si la wanaisimu peke yao. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Istilahi ya kiwango cha mazingira inaweza sasa kumtia mtu hatiani au kumwachia.

2.0 Kutoka gogo hadi rimu

Magogo hukatwakatwa kuwa vibanzi, kisha hupikwa. Katika mbinu ya krafti, vibanzi hupikwa kwa haidroksidi ya sodiamu na sulfidi ya sodiamu ili kuyeyusha lignini, ambayo ni gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Kinachobaki ni rojo la nyuzi, na rojo ni neno linalotosha kabisa. Hakuna haja ya kukopa. Krafti yenyewe ni neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Wazungumzaji wa Kiswahili hawakuitazama nguvu, waliitazama rangi: bahasha ya karatasi hiyo kabla ya kupaushwa huitwa bahasha ya kaki.

Katika uchapaji, "gramu 80" ni uzito wa karatasi kwa kila meta moja ya mraba, wala si uzito wa jani moja. Jani la A4, ambalo ni sehemu moja kati ya 16 za meta hiyo, lina gramu 5 tu. Kwa hiyo "uzito kwa eneo" ni bora kuliko "uzito wa karatasi".

3.0 Upaushaji na viwango vyake

Matatizo makubwa huanza rojo linapofanywa jeupe. Kupausha ni kitenzi kizuri, ijapokuwa pauka humkumbusha msikilizaji ngozi iliyokosa mafuta. Kwa miaka mingi viwanda vilipausha kwa gesi ya klorini. Katika miaka ya 1980 ilidhihirika kwamba gesi hiyo, ikikutana na mabaki ya lignini, huweza kuzaa dioksini, ambazo ni sumu zinazodumu muda mrefu katika mazingira. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliutaja upaushaji huo miongoni mwa vyanzo vya sumu za aina hiyo.

Viwanda vilijibu kwa njia mbili. Baadhi viliacha gesi ya klorini na kutumia dioksidi ya klorini. Vingine viliacha klorini na michanganyiko yake yote, vikatumia oksijeni, ozoni na peroksidi ya haidrojeni. Katika Kiswahili, njia zote mbili zikiitwa "bila klorini", tofauti hupotea. Mnunuzi wa karatasi za vitabu anayetaka aina ya pili anaweza kuletewa ya kwanza, na mkataba wake usimsaidie. Kinyume chake, kanuni inayokataza "klorini" pasipo kufafanua huweza kumzuia hata aliyekwisha kuacha gesi. Ni afadhali kusema "isiyopaushwa kwa gesi ya klorini" na "isiyopaushwa kwa klorini wala michanganyiko yake". Istilahi hizi ni ndefu, lakini ufupi unaopotosha hauna faida. Karatasi iliyorejelezwa huongeza utata: nyuzi zake huenda zilipaushwa kwa klorini katika matumizi ya awali, hivyo sifa hiyo iambatanishwe na hatua ya kurejeleza tu.

Kosa la hatari zaidi liko katika kupima majitaka. Kipimo kinachotumika ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria huhitaji ili kuozesha uchafu uliomo, kwa kawaida katika siku 5 na nyuzijoto 20 za Selsiasi. Kikifasiriwa kuwa "kiasi cha oksijeni katika maji", maana inapinduka, kwa sababu oksijeni nyingi iliyoyeyuka majini ni dalili njema, ilhali uhitaji mkubwa wa oksijeni ni dalili ya uchafuzi. Kwa hiyo jedwali linalotaja miligramu 300 kwa lita chini ya anwani hiyo yenye makosa lingewafanya wavuvi wa mto Nzoia, unaopita Webuye na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, wasome onyo kama sifa. Istilahi "uhitaji wa oksijeni wa kibiolojia" huzuia kosa hilo, mradi neno uhitaji lisiachwe kwa kutafuta wepesi.