Jani la Siku Tisini

Jinja, Uganda, ndipo Mto Nile unapoliaga Ziwa Viktoria. Waongozaji wa mashua huwaambia wageni kwamba maji yanayoondoka hapo huchukua kama miezi mitatu kufika Bahari ya Mediterania. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni. Jioni moja yakakataa kunitoka kichwani, nikaketi kwenye kompyuta nikatengeneza ukurasa wa intaneti wenye jambo moja tu: unagusa skrini, jani linadondoka mtoni, nawe unasubiri siku 90. Hakuna cha kushinda wala cha kununua, na kitufe cha kuharakisha sikukiweka. Leo nieleze jani hilo linavyosafiri.

Wengi hudhani kuna kompyuta mahali fulani inayolisukuma usiku na mchana. Haipo. Unapogusa skrini, ukurasa huandika kitu kimoja katika kumbukumbu ya kivinjari cha simu yako: wakati ulipotupa jani. Kompyuta huhesabu wakati kwa mtindo wake, kwa sehemu za elfu za sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970, hivyo kinachoandikwa ni tarakimu ndefu isiyosema lolote machoni pa mtu. Ukizima simu, jani haliendi popote, maana halipo. Ukirudi baada ya wiki mbili, ukurasa unaisoma ile tarakimu, unaitoa katika wakati wa sasa, kisha unagawanya kwa 7,776,000,000, ambazo ndizo sehemu za elfu za sekunde zilizomo katika siku 90. Jibu ni kiasi cha safari kilichokwisha, na jani linachorwa hapo, kana kwamba lilikuwa njiani muda wote ule uliolala. Nimeandika programu nyingi za kulipwa, za stoo na za karo za shule, lakini hakuna mstari wa msimbo ulionifurahisha kama huo.

Kutoka Jinja hadi baharini ni kama kilomita 6,400. Gawanya kwa siku 90 upate 71 kwa siku, chini kidogo ya kilomita 3 kwa saa: mwendo wa mtu anayerudi sokoni na mzigo kichwani. Simu nyingi za bei nafuu zina upana ambao ukurasa huuhesabu kuwa vitone 360. Basi jani husogea vitone vinne kwa siku, kimoja kila saa sita. Ukilikodolea macho, utachoka kabla halijasogea.

Ukurasa mzima ni faili moja la kilobaiti 6. Mto ni mstari wa buluu, jani ni doa la kijani, picha hakuna. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ina uzito wa kurasa 500 kama huu. Wepesi huo niliutaka kwa sababu kwetu Uganda kupitisha muda mtandaoni kumekuwa na bei yake. Tangu Julai 2018 tulilipa kodi ya shilingi 200 kila siku ili kufungua WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Sikutaka mtu ahesabu sarafu kabla ya kutupa jani.

Kila niliyemwonyesha alitaka kuupa ukurasa kazi. Mwenye nyumba ya wageni alitaka tangazo lake likae ukingoni. Mwingine alisema uwe somo la kutunza mazingira, mwingine uhesabu watembeleaji. Niliwasikiliza kwa heshima, nikakataa. Jani likishapewa kazi, lazima atatokea mtu wa kuuliza mbona linachelewa. Mzee aliyeinamia mchezo wa omweso, wenye mashimo 32 na kete 64, haulizwi jioni amezalisha nini.

Kutazama kitu bure mtandaoni hakukuanza na jani langu. Mwaka 1991, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili wasipande ngazi bure likiwa tupu. Mwaka 1993 picha ya kamera hiyo ikaunganishwa na wavuti, na watu wa mbali, ambao kamwe wasingeinywa kahawa ile, wakawa wanaitazama hadi kamera ilipozimwa mwaka 2001. Kwa waliokuwa ndani ya jengo ilikuwa huduma. Kwa wengine wote ilikuwa raha tupu, na ni wao walioifanya ijulikane.

Mwenye kuielewa kazi yangu mara moja alikuwa mwalimu mmoja wa mji wa Mbale. Alitazama, akaniuliza, "Kaka, na mto wetu je?" Nabuyonga hupita katikati ya mji wao, huingia mto Namatala, maji yakaenda mto Mpologoma hadi Ziwa Kyoga, nako ndiko Nile ya Jinja inakopita. Nilisita. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, Nabuyonga na Namatala ilifurika na watu zaidi ya ishirini wakafa. Nikamwambia siwezi kuuchezea mto ule. Akasema watoto wa darasa lake wamekuwa wakiuogopa tangu siku hiyo, na angependa wauone ukibeba kitu chepesi. Nikaongeza mstari wa pili. Kwenye skrini majani mawili hukutana Kyoga, vitone vinane tu kutoka Jinja.

Ukweli ni kwamba jani halisi lisingefika. Lingekwama kwenye bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 na kuyazamisha maporomoko ya Ripon, au kwenye mabwawa mengine yaliyofuata. Likiponea hapo, lingekutana na vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, ambako karibu nusu ya maji hupotea kwa mvuke, halafu Bwawa Kuu la Aswan. Niliyapima hayo yote, nikaamua jani letu lipite.

Darasa la Mbale lilitupa jani lao kwenye simu ya mwalimu, na kila asubuhi wanalikagua. Juzi lilikuwa siku ya 53, kitone cha 212, ambacho kwa hesabu ya ukurasa ni karibu na Khartoum. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, huko kuna vita. Litapita?" Mwalimu akawaambia wachukue penseli wahesabu kesho litakuwa wapi. Wakaandika: 216.