Nguvu ya Mazoezi ya Alfajiri Hutafutwa Jioni

Kila Januari, na tena mfungo unapomalizika, wapo watu wanaoazimia kuanza kukimbia alfajiri. Wananunua raba, wanatega kengele ya simu saa 10 na nusu, na siku tatu nne za kwanza wanatoka kweli. Juma la pili kengele inazimwa, mtu anageukia ukutani. Ukimuuliza, atakwambia ameshindwa na uvivu. Mimi sikubali haraka hivyo. Namwomba kwanza anihesabie masaa aliyolala, na mara nyingi hesabu hiyo inamtoa hatiani.

Mchukue mfanyakazi wa katikati ya jiji la Dar es Salaam anayeishi Mbagala au Kimara. Anatoka kazini saa 11 jioni, foleni inamfikisha nyumbani saa 2 usiku. Akishaoga na kusikiliza habari za watoto, chakula kinatengwa saa 3 na nusu. Baada ya hapo kuna mpira kwenye runinga, kisha simu kitandani, na usingizi unamchukua saa 6. Akiamka saa 10 na nusu amelala masaa manne na nusu tu, ilhali wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale angalau masaa 7. Kufikia Ijumaa mwili unamdai zaidi ya masaa 12 ya usingizi. Mtu wa namna hii akiongezewa kilomita tano za kukimbia hajengi afya, anajichosha.

Ili kuelewa deni hilo linavyofanya kazi, yafaa kujua mambo mawili yanayoendesha usingizi. La kwanza ni kemikali iitwayo adenosini. Tangu tunapoamka, adenosini huongezeka kidogo kidogo ndani ya ubongo kadiri ubongo unavyotumia nishati, na ndiyo inayofanya kope ziwe nzito usiku. Tukilala hupungua. Usingizi ukikatizwa, nyingine hubaki, na mtu huamka akiwa na uzito wa jana. Kahawa na chai haziiondoi adenosini. Kafeini iliyomo hukalia tu milango ambayo adenosini huitumia kutoa taarifa zake. Kwa watu wengi nusu ya kafeini huwa bado ipo mwilini saa tano hivi baada ya kunywa, kwa hiyo kikombe cha chai ya rangi iliyokolea saa 2 usiku kinaendelea na kazi yake hadi saa 7 usiku. Anayelalamika kwamba hapati usingizi mapema aanze kuhamisha kikombe hicho. Pombe nayo hudanganya: humlaza mtu haraka, kisha humkatakata usingizi katika nusu ya pili ya usiku.

Jambo la pili ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna fungu la seli zipatazo 20,000 ambazo hupanga joto la mwili, homoni na usingizi kwa mzunguko wa karibu masaa 24. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha, kupitia nzi wadogo wa matunda, jinsi jeni zinavyoendesha mzunguko huo ndani ya seli. Kwa msomaji wa kawaida, la kushika ni kwamba saa hii haibadiliki kwa amri. Huwezi kuiambia Jumapili usiku kwamba kuanzia kesho kuamka ni saa 10 na nusu badala ya saa 12 na nusu. Husogea polepole, na kinachoisogeza zaidi ya kitu kingine chochote ni mwanga unaoingia machoni. Mwanga wa asubuhi huivuta nyuma, mtu akasinzia mapema usiku unaofuata. Mwanga mkali wa usiku, ukiwemo wa kioo cha simu kilicho karibu na uso, huchelewesha homoni ya melatonini, na usingizi nao ukachelewa.

Hapa sisi tunaoishi karibu na Ikweta tumebahatika, na sidhani kama tunaitumia bahati hiyo vya kutosha. Mtu wa London huamka gizani miezi kadhaa kila mwaka. Dar es Salaam, tofauti ya macheo kati ya Novemba na Julai haifiki saa nzima, na Nairobi ni ndogo zaidi. Ukishaizoesha saa ya mwili wako kuamka na mapambazuko, mapambazuko hayatakuhama. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kusogeza muda wa kulala na wa kuamka kwa dakika 15, akae hapo siku tatu au nne, kisha asogeze tena dakika 15. Akishaamka afungue dirisha, au bora zaidi asimame nje. Mwanga wa nje mara jua linapochomoza, hata siku ya mawingu, huushinda kwa mbali mwanga wa taa ya sebuleni. Jumamosi na Jumapili asilale hadi saa 4 asubuhi, maana siku mbili hizo zinatosha kurudisha nyuma alichokijenga juma zima.

Na mazoezi yenyewe? Katika majuma mawili ya kwanza nadhani yasizidi dakika 10. Najua msomaji mwenye hamu ataona ni kidogo mno, lakini katika kipindi hicho kinachofundishwa ni mwili kuamka, wala si mapafu kukimbia.

Dakika za mwanzo baada ya kuamka zina mambo yake, na yanapaswa kuheshimiwa. Kichwa huwa na ukungu kwa dakika 15 hadi 30, mara nyingine zaidi, kwa sababu ubongo haukurupuki wote kwa pamoja. Anayejipima nguvu katika dakika hizo na kuamua arudi kitandani anapima kabla ya wakati. Joto la ndani ya mwili hufika chini kabisa kama masaa mawili kabla ya muda tuliozoea kuamka, kwa hiyo misuli na viungo huwa vimekaza. Kuna pia jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu uti wa mgongo. Zile pingili zimetenganishwa na visahani laini ambavyo, tukilala, hufyonza maji na kuvimba kidogo. Ndiyo maana asubuhi tunakuwa warefu kuliko jioni kwa takriban sentimita moja au zaidi. Visahani vilivyojaa maji haviupendi mgongo uliokunjwa, na mtu anayetoka kitandani moja kwa moja na kuinama kugusa vidole vya miguu, au kulala chali na kuanza mazoezi ya tumbo, anavibebesha mzigo mkubwa kuliko ambavyo vingebeba baadaye. Ahirisha kuinama kwa nusu saa hadi saa nzima. Anza kwa kutembea, kuzungusha mabega, kuchuchumaa nusu na kusimama, kupanda na kushuka ngazi kama zipo.

Kutembea huko kuendelee dakika tano hadi 10 kabla ya kukimbia, na kukimbia kuanze taratibu. Waliosoma shule za Tanzania wanakumbuka mchakamchaka: foleni ya wanafunzi, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia huku miguu ikifuata mdundo. Bila kujua, tulikuwa tumepewa kipimo kizuri cha kasi. Anayeweza kuitikia wimbo bado ana pumzi ya kutosha, yupo katika mwendo mwepesi. Akifika mahali ambapo anaweza kuzungumza lakini kuimba kunamshinda, amefika kwenye mazoezi ya wastani, ambayo ndiyo watu wengi wanayahitaji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, pamoja na ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Nusu saa kwa siku tano inatosha kufikia kiwango hicho cha chini, na kutembea haraka kunahesabiwa. Anayekata pumzi kabla hajafika kwenye kona ya mtaa wake amekwenda mbio mno, apunguze.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kuhusu chakula: mtu atapata wapi nguvu ikiwa hajala tangu usiku? Jibu lipo ndani ya mwili wenyewe. Wanga tunaokula huhifadhiwa katika umbo la glikojeni sehemu mbili. Ini huwa na kama gramu 100 na kazi yake ni kulisha damu, hasa kwa ajili ya ubongo, kwa hiyo usiku kucha akiba hiyo hutumika na asubuhi huwa imepungua sana. Misuli ina gramu 400 au zaidi, na kwa kuwa usiku ilikuwa imepumzika, akiba yake huwa karibu haijaguswa. Ongeza mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha. Mtu mwenye afya aliyekula chakula cha jioni anaweza kutembea haraka au kukimbia polepole dakika 30 hadi 45 bila kula chochote kwanza. Njaa na kizunguzungu huwapata zaidi waliolala bila kula, au wanaoanza kwa kasi kubwa. Wengine wanajisikia vizuri zaidi wakitia kitu tumboni, na hakuna ubaya: ndizi mbivu moja au nusu kikombe cha uji, dakika 20 kabla. Maji ni ya lazima, glasi moja au mbili, maana usiku mzima tumekuwa tukiyapoteza kwa pumzi na jasho, na katika joto la Pwani huwa si kidogo.

Huko Iten, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wakimbiaji wengi hutoka saa 12 asubuhi kabla ya kifungua kinywa. Kilomita za kwanza huwa za mwendo wa pole ambao huwashangaza wageni. Wakirudi ndipo wanapokunywa chai ya maziwa yenye sukari na kula mkate. Wageni wanaokwenda kuwaiga huitazama chai na mwinuko wa milima, lakini mimi ningependa waangalie jinsi watu wale wanavyolala. Hulala mapema usiku, na wengi hujipumzisha tena mchana. Mtu wa ofisini hawezi kulala mchana, ila chakula chake cha jioni kinaweza kusogezwa hadi saa 1 au 2 usiku na kupunguzwa mafuta, ili asipande kitandani na tumbo lililojaa.

Kuhusu mazoea, mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walitoa utafiti wa watu 96 waliojaribu kujijengea tabia mpya. Kwa wastani zilihitajika siku 66 kabla tabia haijawa ya kufanya bila kujisukuma, huku kukiwa na tofauti kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Waliokosa siku moja hawakuharibikiwa, mradi waliendelea. Kilichosaidia ni kuifungamanisha tabia mpya na jambo ambalo tayari hufanyika kila siku. Muislamu anayeswali alfajiri anayo nanga hiyo tayari: anaamka, anatawadha, anaswali, na badala ya kurudi kitandani anavaa raba. Mwingine atatumia muda wa kumwandaa mtoto kwa basi la shule. Nguo na raba ziwekwe tayari usiku, simu ilale mbali na kitanda, na ikiwezekana awepo jirani anayesubiri getini. Kwa wanawake, na kwa yeyote anayeishi mahali barabara haina taa, jirani huyo ni usalama pia. Asiye naye afanyie uani kwa kamba ya kuruka hadi kupambazuke.

Sasa niseme jambo ambalo wahamasishaji wa mazoezi hawalipendi. Kama kazi yako na safari yako haviruhusu kulala kabla ya saa 5 usiku, usiamke saa 10 kwenda kukimbia. Faida kubwa ya alfajiri ni hewa ya ubaridi na kutokuwepo kwa shughuli za kukuondoa kwenye ratiba, lakini moyo na misuli hunufaika na mazoezi ya saa 11 jioni vilevile. Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya nyumbani na utembee. Lala usingizi wako.

Wenye shinikizo la damu wasikatishe dawa kwa sababu wameanza mazoezi, na wasiruke hatua ya kupasha mwili joto, kwani mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana kuliko nyakati nyingine. Maumivu ya kifua yanayokuja kwa juhudi ni ya kupeleka hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kwanza, na ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale kitu kabla ya kutoka.

Wapo pia wanaolala masaa 7 kwa mwezi mzima, wanakula, wanatembea taratibu, na bado kila asubuhi miguu ni mizito na ngazi chache tu zinawahemesha. Hao tusiwahubirie nidhamu. Wakikoroma sana na kushtuka usiku kama waliokabwa, huenda njia ya hewa inaziba wakiwa usingizini. Wakiwa wanawake wa umri wa kuzaa, la kwanza kushuku ni upungufu wa damu: utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 uliukuta kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma tunayopata kwenye maharage na mchicha, kwa hiyo inywewe saa moja baadaye, na limau liende kwenye mboga. Lakini chakula peke yake hakitoshi ikiwa damu tayari imeshuka. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya 12 (g/dL) ni upungufu, na kwa mwanamume ni chini ya 13. Kipimo ni tone la damu tu na majibu hutoka haraka. Dada yangu unayejiita mvivu kila asubuhi, kapime kwanza.